Mwalimu Nyerere na miiko ya Arusha: kiongozi aliyeanza na nyumba yake

Ukifika Arusha mjini ukitokea Usa River au Tengeru na ukauliza mnara wa Mwenge wa Uhuru uko wapi, hata mtoto atakuonyesha. Jirani na mnara huo kuna jengo la kawaida tu ambalo wengi wetu tunalipita tukiwahi basi au tukienda sokoni. Ni Makumbusho ya Azimio la Arusha. Humo ndimo Halmashauri Kuu ya TANU ilimokutana kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, chini ya mwenyekiti wake, Julius Kambarage Nyerere, na kutoka na maandishi yaliyobadili maisha ya kila Mtanzania, mwenye duka na asiye na duka.

Katika vipindi vyetu vya imani na biashara tumekuwa tukizungumza juu ya mwenye mali anayejiona mtumishi wa watu wake: wafanyakazi wake, wateja wake, majirani zake. Baadhi yenu mtashangaa kwamba leo tunamleta Mwalimu. Si yeye aliyetaifisha mabenki na viwanda? Si wakati wake maduka ya watu binafsi yalifungwa? Ndivyo ilivyokuwa, na hatutaruka sehemu hiyo. Lakini ni vigumu kupata katika nchi yetu Mkristo mwingine aliyelichukua kwa uzito namna hiyo swali la kiongozi na mfuko wake.

Alizaliwa Butiama, karibu na Musoma, mwaka 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Baba yake alikuwa na wake wengi, na Kambarage alikua akichunga mifugo kama watoto wengine. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, kisha akaenda Tabora. Katika miaka hiyo alifundishwa dini ya Kikatoliki. Hakubatizwa akiwa mtoto mchanga asiyejua lolote. Alibatizwa tarehe 23 Desemba 1943, akiwa kijana wa miaka 21, naye akachukua jina la Julius. Mwaka huo huo alikwenda Makerere, Uganda, kusomea ualimu. Baadaye alifundisha shule ya St. Mary's, Tabora, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh, Scotland. Alirudi mwaka 1952 na shahada yake, mwanzoni mwa 1953 akamwoa Maria Gabriel, akaenda kufundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam.

Ni wakati huo huo ambapo mlima wetu ulijulikana duniani. Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili kupata mashamba 13 ya walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa, watu wakapelekwa King'ori, kwenye joto na malaria. Wameru hawakushika silaha. Walikataa fidia na wakachangishana, shilingi kwa shilingi, katika vijiji vya kahawa, wakamtuma kijana wao Kirilo Japhet kwenda Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952, pamoja na mwanasheria Earle Seaton. Hawakupata theluthi mbili ya kura zilizohitajika katika Baraza Kuu, na ardhi haikurudi siku hiyo. Hata hivyo Kirilo alirudi akazunguka nchi akieleza alichokiona, na kesi ya ardhi ya Meru ikawafungua macho wengi waliounda TANU tarehe 7 Julai 1954, Nyerere akiwa rais wake.

Tunaikumbuka habari ya mchango wa Meru kwa sababu ndivyo siasa za wakati ule zilivyoendeshwa. Fedha haikutoka benki wala kwa wafadhili wa nje. Ilitoka mifukoni mwa wakulima na wafanyabiashara. Dossa Aziz, kijana mwenye uwezo wa Dar es Salaam, aliipa TANU gari lake la kwanza. John Rupia, mfanyabiashara aliyekuwa makamu wa rais wa chama, alifungua mfuko wake mara nyingi, ikiwemo safari ya Nyerere ya kwenda Umoja wa Mataifa Machi 1955. Ndugu wa ukoo wa Sykes nao vivyo hivyo. Wengi wa watu hawa walikuwa Waislamu, na walimbeba kijana Mkristo kutoka bara bila kumuuliza anasali wapi. Mwenye mali anayesoma makala hii asilipite jambo hilo haraka. Kuna Watanzania waliotumikia nchi hii kwa biashara zao kabla haijawa nchi, na majina yao hayatajwi mara nyingi.

Aliporudi kutoka New York, Nyerere aliambiwa achague kati ya ualimu na siasa. Aliacha kazi Machi 1955. Mshahara ukakatika, na nyumbani kulikuwa na watoto. Alirudi Musoma kwa miezi kadhaa, akaishi kwa kuwafundisha Kizanaki mapadre wa shirika la Maryknoll na kuwatafsiria. Dar es Salaam Mama Maria aliendesha duka dogo la mafuta ya taa. Kwa hiyo tunapomzungumzia Nyerere kama mtu asiyejua taabu ya duka, tukumbuke kwamba kuna miaka ambayo duka lilisaidia kumlisha.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Tusirudie hapa yale ambayo kila mtoto wa shule anayajua. Turuke hadi mwaka 1966, kwa sababu hapo ndipo habari yetu hasa inapoanza.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam, waliandamana hadi Ikulu wakipinga kulazimishwa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa kwa sehemu kubwa ya mshahara wao. Walikuwa na hoja moja iliyochoma: viongozi wenyewe wanalipwa mishahara mikubwa, mbona wao ndio wakatwe? Nyerere aliwakasirikia vibaya sana. Aliwafukuza chuoni karibu wanafunzi 400. Wengi tungeishia hapo, maana mwenye mamlaka akiambiwa ukweli na mdogo wake, njia nyepesi ni kumfukuza na kusahau. Lakini Nyerere hakusahau hoja. Alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, pamoja na mishahara ya viongozi wengine wa juu. Aliwaadhibu wasemaji, akakubali walichokisema. Hatusemi kwamba alifanya haki katika yote mawili. Tunasema kwamba la pili ni nadra.

Miezi mitatu baadaye ndiyo Arusha. Watu wengi wakisikia Azimio la Arusha wanafikiri juu ya mabenki, na kweli, baada ya Azimio kutangazwa Dar es Salaam tarehe 5 Februari 1967, siku iliyofuata mabenki yalitaifishwa, kisha bima, viwanda vya kusaga nafaka na sehemu ya mashamba ya mkonge. Lakini sehemu iliyowanyima usingizi viongozi waliokuwa ukumbini Kaloleni ilikuwa ya mwisho, ile ya miiko ya uongozi. Ilisema, kwa maneno yetu wenyewe, hivi: kiongozi wa TANU au wa serikali lazima awe mkulima au mfanyakazi. Asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Asiwe mkurugenzi katika kampuni ya watu binafsi. Asipokee mishahara miwili. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Na kiongozi hapo hakuwa waziri peke yake. Wabunge, madiwani, wakuu wa mashirika ya umma na watumishi wa ngazi ya kati na ya juu waliingia wote. Pamoja na wake zao au waume zao! Mtu asingeweza kumwandikisha mkewe nyumba ya kupangisha halafu akasema yeye hana kitu.

Fikiria ukumbi ule. Waliokaa humo wengine walikuwa wameshaanza kujenga nyumba za kupangisha kwa mkopo, kwa kuwa mji ulikuwa unakua na Wazungu walikuwa wanaondoka. Kila mmoja alikuwa na hesabu zake kichwani. Kwa nini walikubali? Sababu ziko nyingi, na woga wa kuonekana mchoyo mbele ya wananchi ni moja yake. Lakini aliyewapelekea shauri lile alikuwa tayari amekata mshahara wake, na hilo lilipunguza nguvu ya kubisha.

Nyumbani kwake miiko iligonga pia. Mama Maria alikuwa na mradi wa kuku. Haukuwa mradi wa anasa. Ni kuku, kama wanavyofuga akina mama wengi wa Moshono na Ngaramtoni leo. Lakini sheria ilisema kiongozi na mwenzi wake, na mradi ulikabidhiwa kwa kijiji cha ushirika. Katika yote yaliyoandikwa juu ya Azimio, kwetu sisi hili dogo lina uzito kuliko mabenki. Kutaifisha benki ya Mwingereza kunahitaji sahihi. Kumwambia mama watoto kwamba kuku waende kunahitaji kitu kingine, na tungependa kujua mazungumzo ya jioni hiyo yalikuwaje.

Oktoba mwaka huo Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kwenye mkutano mkuu wa TANU, safari ya siku kadhaa. Vijana nchi nzima walifanya matembezi ya kuunga mkono Azimio. Kijana mmoja wa hapa Arusha, Seti Benjamin, alianza safari ya miguu kwenda Dar es Salaam na akafia njiani. Ndivyo Azimio lilivyopokewa mwanzoni na watu wa kawaida.

Imani yake ilikuwa wapi katika haya yote? Nyerere hakupenda kuitangaza. Alihudhuria Misa karibu kila siku, asubuhi na mapema, na waliokuwa naye walizoea hivyo. Hakuitaka serikali iwe na dini, na aliwaambia Wakristo wenzake mambo magumu. Mwaka 1970 alikwenda New York kuzungumza na masista wa Maryknoll, akawaeleza kwamba Kanisa lisiposimama na maskini katika kupigania maisha yao, maskini wataliona ni mwenzi wa wanaowaonea. Uzeeni aliandika Injili na Matendo ya Mitume katika tenzi za Kiswahili. Alikuwa mtu wa vitabu kila siku. Mwaka 1969 alitoa tafsiri ya mchezo wa Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venice, na neno alilochagua kwa kichwa cha kitabu halikuwa wafanyabiashara. Alikiita Mabepari wa Venisi. Hapo unaona mtu alivyoutazama ulimwengu wa biashara.

Na hapo ndipo palipokuwa na kasoro yake. Aliyaona vizuri mabaya ya mali, na mara nyingi hakuona mtumishi aliyesimama nyuma ya kaunta ya duka la kijijini. Kati ya mwaka 1973 na 1976 watu walihamishwa vijijini, wengi kwa nguvu. Mwaka 1976 ulikuja mpango wa kufunga maduka ya watu binafsi ili maduka ya ushirika ya vijiji yachukue nafasi. Mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mkulima wa kahawa wa Meru au Arusha, aliyekuwa na chama chake, kiongozi wake na mkutano wake wa mwaka, akajikuta anauza kahawa kupitia kijiji kwa mamlaka ya serikali. Februari 1977 mpaka wa Namanga ulifungwa wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake hapa Arusha, ilipokuwa inavunjika. Ikaja vita ya Uganda ya 1978 na 1979, mafuta yakapanda bei. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni, sukari, chumvi na kanga vilikuwa vya kupanga foleni. Wazee wetu wanakumbuka. Mfanyabiashara aliyevuka Namanga na katoni ya sabuni aliitwa mlanguzi, na mwaka 1983 chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, mtoto wa Monduli, operesheni ya wahujumu uchumi ilikamata zaidi ya watu elfu moja, wengine wahalifu kweli, wengine wauza bidhaa waliokuwa na magunia machache stoo.

Ubaya wa mambo haya haufutiki kwa sababu aliyeyaanzisha alikuwa mnyofu. Kuna familia za maduka, Waafrika, Waarabu na Wahindi, ambazo hazikuinuka tena. Kuna jambo pia la kujifunza kuhusu utumishi wenyewe: mtu anaweza kujinyima kabisa na bado akawaumiza watu, kwa kuwa anadhani anajua mahitaji yao kuliko wao. Yesu alipowaosha miguu wanafunzi wake, aliinama chini walipokuwa. Mtawala aliye mbali, hata akiwa na nia njema, anaosha miguu asiyoiona.

Tofauti ya Nyerere na wengi ni kwamba alisema. Kabla hajatoka madarakani alikiri waziwazi kwamba kuvunja ushirika na kuondoa serikali za mitaa kulikuwa makosa, na kwamba serikali yake ilichukua mashamba ya mkonge isiyoweza kuyaendesha. Sheria ya kurudisha ushirika ilipitishwa mwaka 1982. Mpaka na Kenya ulifunguliwa tena Novemba 1983. Usafiri wa mabasi madogo ya watu binafsi uliruhusiwa Dar es Salaam mwaka huo huo, ndio mwanzo wa daladala. Bosi anayewaita wafanyakazi wake na kusema mbele yao kwamba mpango ule ulikuwa wangu na ulikuwa mbaya, ni bosi ambaye tungemfanyia kazi kwa moyo.

Tarehe 5 Novemba 1985 aliacha urais kwa hiari yake, jambo ambalo wakati ule lilikuwa adimu Afrika. Hakutoka na kampuni. Nyumba yake ya Msasani alikuwa ameijenga kwa mkopo wa benki. Alirudi Butiama kulima mahindi. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kulegeza miiko ya Arusha: kiongozi akaruhusiwa kuwa na hisa, kupangisha nyumba, kupata zaidi ya mshahara mmoja. Nyerere hakufurahi, na hakuficha. Watu bado wanabishana juu ya hilo. Sisi tunaona kwamba miiko ya 1967 ilikuwa migumu mno kwa mtumishi wa ngazi ya kati mwenye watoto wa kusomesha, lakini swali lililokuwa ndani yake halikuondoka ilipolegezwa. Mtu mwenye kiti cha umma na duka la binafsi, siku zabuni ya halmashauri inapotangazwa, anavaa kofia ipi? Na mwenye kampuni ya familia inayoajiri vijana kumi, mwezi ukiwa mbaya, nani anapunguziwa kwanza, yeye au mfagizi?

Arusha ilimwona tena uzeeni. Burundi ilikuwa inaungua, na Nyerere aliombwa awe msuluhishi. Kuanzia Juni 1998 mazungumzo yalifanyika mjini hapa. Alikuwa na umri wa miaka 76. Aliwaketisha watu waliokuwa wameuana, vyama vingi, wengine wasiotaka hata kusalimiana, akawasikiliza siku baada ya siku. Hapakuwa na cheo cha kutafuta wala mshahara wa kuongeza. Wakazi wa mji walizoea kuona msafara wake, na wengine waliona jinsi alivyokonda.

Alikuwa na saratani ya damu. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 katika hospitali ya St. Thomas, London, akarudishwa nyumbani, na tarehe 23 mwezi huo akazikwa Butiama, kando ya wazazi wake. Mwaka 2005 Jimbo Katoliki la Musoma lilianza kuchunguza maisha yake kwa ajili ya kutangazwa mwenye heri, na Kanisa sasa linamwita Mtumishi wa Mungu.

Nelson Mandela aliichukua kazi ya Burundi pale alipoiachia, na mkataba wa amani ulitiwa sahihi hapa Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Ukiwa mjini siku moja na basi lako likachelewa, ingia kwenye lile jengo la Kaloleni. Utaona picha za mkutano wa mwaka 1967 na nyuso za waliokuwa humo, wengine wakitabasamu, wengine wakiwa wamekunja uso kama watu wanaopiga hesabu.